Si Kila Kinachokua Tumboni ni Mtoto

Ndugu msomaji, tumbo la mama mjamzito halina siri. Katika machimbo ya Rwamgasa, mkoani Geita, akina mama huponda mawe, hubeba maji na kupikia wachimbaji hadi miezi ya mwisho ya ujauzito, na kila apitaye huwa na la kusema. Likichongoka, ataambiwa ni mvulana. Likitanuka, ni msichana. Likizidi kipimo, basi ni pacha, na mume huanza kupongezwa kwenye vijiwe vya kahawa.

Wiki hii nataka tulizungumzie tumbo lililozidi kwa sababu nyingine. Kando ya mji wa mimba, kila mwanamke ana ovari mbili, yaani vifuko vya mayai, kila kimoja kikiwa na ukubwa kama wa lozi. Mara chache hutokea kwamba, mtoto akiwa anakua ndani ya mji wa mimba, kitu kingine kinakua ndani ya kifuko cha mayai. Vyote viwili vimo ndani ya tumbo moja, na nje linaonekana tumbo tu.

Niwatoe hofu mapema. Uvimbe mwingi wa namna hii ni wa majimaji, huja na mimba yenyewe, nao hutoweka wenyewe kabla ya mwezi wa nne au wa tano. Ule unaodumu nao kwa kawaida si saratani. Katika kila mia moja, saratani hazifiki kumi. Lakini hao wachache wana haki ya kuishi kama wengine. Hata uvimbe usio saratani unaweza kujipinda kwenye shina lake, ukakata damu na kumwangusha mama kwa maumivu makali. Unaweza kupasuka. Unaweza kukaa njiani wakati wa kujifungua, mtoto asipate pa kupita.

Swali la namna ya kumtibu mama huyu bila kumpoteza mtoto lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mama aliyedhaniwa ana mimba

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1809, huko Kentucky, Marekani, mama mmoja aitwaye Jane Todd Crawford alikuwa na tumbo kubwa kupita kiasi. Waganga wa huko walikuwa na hakika kwamba ana mimba, tena iliyopitiliza siku zake. Wakamwita daktari Ephraim McDowell wa mji wa Danville aje kusaidia uzazi. McDowell akampima kwa mikono, akagundua kwamba mji wa mimba ni mtupu. Kilichokuwa kikikua kilikuwa uvimbe wa kifuko cha mayai.

Wakati ule hakuna daktari aliyejulikana kuwa amewahi kufungua tumbo la mtu, akatoa uvimbe kama huo, na mtu akapona. McDowell hakumficha mgonjwa. Alimweleza kwamba hilo ni jaribio, na kwamba akiwa tayari kulikabili aende Danville. Mama huyo akapanda farasi, akasafiri kiasi cha kilomita 100 katika majira ya baridi, uvimbe wake ukiegemea tandiko. Mwezi Desemba alipasuliwa juu ya meza nyumbani kwa daktari. Dawa ya usingizi haikuwapo. Ilikuja kuonyeshwa hadharani miaka 37 baadaye, mwaka 1846. Mama alikuwa macho, akisoma Zaburi kwa moyo huku kisu kikifanya kazi. Dakika 25 zikatosha. Uvimbe ulikuwa na uzito wa kilo 10 hivi. Siku ya tano daktari alimkuta akitandika kitanda chake mwenyewe. Baada ya siku 25 alirudi kwao, akaishi hadi mwaka 1842.

Mabingwa wa London waliposoma habari hizo, hawakuziamini. Na tusisahau jambo ambalo vitabu vya sifa hupenda kulipita haraka: miongoni mwa wagonjwa waliofuata wa McDowell walikuwemo wanawake weusi waliokuwa watumwa. Jane Crawford aliulizwa, akakubali. Mtumwa alikuwa na nafasi gani ya kukataa? Upasuaji huu, ambao leo unaokoa wanawake wa rangi zote, ulijifunziwa pia juu ya miili ya watu wasiokuwa na hiari.

Kisu cha Bunyoro

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuliletewa. La hasha. Mwaka 1879, tabibu Mwingereza Robert Felkin alikuwa akipita katika nchi ya Bunyoro, ambayo leo ni sehemu ya Uganda. Mahali paitwapo Kahura alishuhudia mtaalamu wa kienyeji akimpasua msichana wa miaka 20 hivi aliyeshindwa kujifungua mimba yake ya kwanza.

Felkin aliandika alichokiona na kukichapisha mjini Edinburgh mwaka 1884. Msichana alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa. Mpasuaji akaosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyohiyo. Akapasua, mtoto akatolewa hai, damu ikazuiwa kwa chuma cha moto. Ngozi ikashikizwa kwa pini za chuma zilizofungwa kwa uzi wa magome, kidonda kikapakwa dawa ya mizizi. Siku 11 baadaye, Felkin alipoondoka, mama alikuwa anaendelea vizuri na mtoto yu hai.

Fikiri juu ya tarehe hiyo, ndugu msomaji. Katika miaka ileile, mama aliyepasuliwa kutolewa mtoto katika hospitali nyingi za Ulaya alikuwa na uwezekano mkubwa wa kufa kuliko wa kupona. Fundi wa Bunyoro hakuwa amebahatisha. Alijua wapi pa kukata, kwa nini aoshe mikono, na namna ya kukomesha damu. Ujuzi huo ulikuwa umekusanywa kwa vizazi. Basi tunapowahimiza watu wetu leo waende hospitali, tusiwaambie kwamba wazee wao walikuwa wajinga. Tuwaambie kwamba wazee wao waliamini kuwa tumbo la mama linaweza kufunguliwa na mama akaishi.

Jicho lililotoka kiwandani

Mikono ya McDowell ilikuwa na ujuzi, lakini mikono ina mipaka. Mama akiwa na mimba ya kweli na uvimbe pamoja, mji wa mimba unaokua huufunika uvimbe, na vidole haviwezi kuutofautisha. Eksirei nayo haimfai mtoto aliye tumboni. Ilihitajika njia ya kuona ndani bila kudhuru.

Njia hiyo ilipatikana mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1955 Profesa Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, alisikia kwamba viwanda vya matangi ya mvuke vina mashine inayopeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma ili kutafuta nyufa. Akapakia kwenye gari vivimbe vilivyotolewa kwa akina mama, akavipeleka kiwandani, na kuvijaribu kwa mashine ya kupimia chuma. Akaona kwamba uvimbe wa maji unarudisha mwangwi tofauti na uvimbe wa nyama. Akiwa pamoja na fundi kijana Tom Brown na daktari John MacVicar, akatengeneza mashine ya binadamu.

Siku moja waliletewa mama ambaye madaktari walikuwa wamekata tamaa naye, wakisema ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ikaonyesha mfuko mkubwa wa maji. Alipopasuliwa, ulikuwa uvimbe wa kifuko cha mayai usio saratani, ukatolewa na mama akapona. Mwaka 1958 taarifa ya kazi yao ilichapishwa, na kuanzia hapo ikazaliwa altrasaundi tunayoijua leo. Mashine ambayo akina mama wetu huiita ya kumwangalia mtoto ilianza kwa kuangalia uvimbe.

Mchango wa Mulago

Mwaka huohuo wa 1958, upande wetu wa Ziwa, daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha habari za saratani iliyokuwa ikivimbisha mataya ya watoto. Aligundua kwamba watoto haohao mara nyingi walikuwa na uvimbe tumboni, na kwa wasichana ulishika vifuko vya mayai, mara kwa mara vyote viwili. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka Afrika ya Mashariki na Kusini kwa wiki kumi, kiasi cha kilomita 16,000, wakiuliza hospitali hadi hospitali. Waliona kwamba ugonjwa uko katika nchi za joto na mvua, penye malaria nyingi. Kanda ya Ziwa ni mojawapo ya maeneo hayo, na hospitali ya Shirati, mkoani Mara, ilikuja kuwa kituo muhimu cha uchunguzi wake.

Kwa nini nalitaja hili? Kwa sababu katika kutibu ugonjwa huo ndipo ulimwengu ulipopata moja ya uthibitisho wa mwanzo kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa, bila kisu wala mionzi. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyofunguliwa mwaka 1967, ilikuwa miongoni mwa shule za elimu hiyo. Katika miaka ya 1970 zikaja dawa nyingine, hasa sisplatini, ambazo zilibadilisha kabisa hatima ya saratani adimu zinazoanzia kwenye mbegu za mayai. Saratani hizo hushika wasichana na wanawake vijana, yaani walio katika umri wa kuzaa. Zamani ziliua wengi. Leo nyingi hupona zikiwahiwa.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo kila mume na kila mama mkwe anapaswa kulisikia. Saratani hizi kwa kawaida hushika kifuko kimoja. Daktari mwenye ujuzi hutoa kifuko hicho, akaacha kingine na mji wa mimba, na mimba ikaendelea. Kama dawa za saratani zinahitajika, hazitolewi katika miezi mitatu ya kwanza, wakati viungo vya mtoto vinaumbika. Baada ya hapo, wengi wamezipata na kuzaa watoto wazima. Dawa husimamishwa wiki chache kabla ya kujifungua ili damu ya mama na ya mtoto ipate nguvu. Kwa hiyo si kweli kwamba mama mwenye uvimbe lazima achague kati ya maisha yake na ya mtoto, wala si kweli kwamba lazima atolewe kizazi.

Subira pia ni tiba

Lakini historia imetufundisha kuogopa haraka kama tunavyoogopa kuchelewa. Upo uvimbe ambao wataalamu waliutambua vizuri mwaka 1963, uitwao luteoma ya mimba. Ni wa nyama, ni mkubwa, unatisha kwenye picha, na wakati mwingine humfanya mama aote ndevu na sauti yake iwe nzito. Akijifungua, hunywea wenyewe bila dawa. Wapo wanawake waliopoteza vifuko vyao vya mayai kwa sababu mpasuaji aliuona, akadhani ni saratani, akakata.

Vipimo vya damu navyo huweza kudanganya, kwa kuwa mimba yenyewe hupandisha baadhi ya viashiria vinavyotumika kutafuta saratani. Ndiyo maana kanuni ya leo ni kuangalia kwanza kwa altrasaundi, na kurudia baada ya wiki kadhaa. Uvimbe mdogo wa majimaji huachwa. Unaodumu, unaokua au wenye sura mbaya hupasuliwa, na wakati mzuri ni mwezi wa nne na wa tano. Kabla ya hapo kifuko cha mayai bado huenda kinailisha mimba. Baadaye tumbo limejaa na uchungu unaweza kuanza mapema. Ukijipinda, hakuna kusubiri: mama hupasuliwa usiku huohuo, mimba iwe ya miezi mingapi.

Nywele, meno na bibi kizee

Uvimbe unaodumu mara nyingi zaidi kwa wajawazito ni ule ambao, ukifunguliwa, hukutwa na mafuta, nywele, na hata meno. Katika nchi ya Shinyanga na Geita sihitaji kueleza watu watasema nini. Nani amezimeza nywele hizo? Nani amempandikizia meno tumboni? Mganga ataulizwa, na mganga atataja jina.

Tunajua jina hilo huangukia wapi. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika jinsi maelfu ya watu walivyouawa nchini kwa tuhuma za uchawi kati ya mwaka 1970 na 1984, walio wengi wakiwa wanawake, na sehemu kubwa Usukumani. Bibi vizee walikatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu wao.

Basi hebu tuseme wazi. Yai la mwanamke limeumbwa na uwezo wa kutengeneza kila kiungo cha mwili: ngozi, nywele, mfupa, jino. Mara nyingine chembe ya yai huanza kazi hiyo peke yake, bila baba na bila mpango, ikatengeneza vipande visivyo na mtu. Hayo meno yametokana na mwili wa mama mwenyewe. Hakuna aliyeyatuma. Daktari au muuguzi anayemwonyesha mgonjwa uvimbe wake bila kumpa maelezo haya huenda ameokoa maisha ya mmoja na kuhatarisha ya mwingine.

Rwamgasa na barabara ya Mwanza

Sasa turudi kwenye ramani yetu. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo waliongezeka mwishoni mwa miaka ya 1980 biashara ilipolegezwa, mgodi mkubwa wa kisasa ukaanza mwaka 2000, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Vijiji kama Rwamgasa vilijaa vijana wa kike na wa kiume kutoka kila upande, wengi mbali na mama na shangazi zao ambao wangewaangalia wakati wa ujauzito.

Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa kimataifa wa zebaki walikuja Rwamgasa, wakapima damu, mikojo na nywele, na kulinganisha na watu wa Katoro. Miongoni mwa waliokuwa wakichoma dhahabu yenye zebaki, mmoja kati ya wanne alikutwa na dalili za kudhurika. Sisemi kwamba zebaki ndiyo inayoleta uvimbe wa kifuko cha mayai, hilo halijathibitishwa. Lakini inajulikana kwamba zebaki huvuka kutoka kwa mama hadi kwa mtoto na kudhuru ubongo wake. Mjamzito hana kazi karibu na karai la kuchomea.

Na akikutwa na uvimbe, aende wapi? Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971, lakini kwa miongo mingi mwenye saratani kutoka Kanda ya Ziwa alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Ocean Road, Dar es Salaam, katika jengo lililoanzishwa na Wajerumani mwaka 1897. Leo Bugando ina huduma za saratani, pamoja na mionzi. Hata kufika Mwanza kwenyewe kulikuwa na kivuko cha Busisi, ambapo gari la wagonjwa lilisubiri foleni kama magari mengine. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilizinduliwa Juni 2025. Mfumo wa m-mama, wa kusafirisha wajawazito wenye dharura kwa kupiga simu 115, ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kabla ya kuenea nchini. Njia imefupishwa.

Kilichobaki ni mwanzo wa safari: kujua kwamba uvimbe upo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apigwe altrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Ushauri huo una maana kubwa kwetu, kwa sababu muda huo ndio unaokutana na ule mzuri wa kupasua. Mama anayeanza kliniki mwezi wa saba amepoteza nafasi hiyo, hata akipata mabingwa wa dunia nzima.

Kwa hiyo, wewe mama, anza kliniki mapema. Ukiambiwa mimba ni kubwa kuliko miezi yake, usikubali kuishia kwenye neno pacha. Huenda ni pacha kweli, au tarehe zimekosewa, au maji yamezidi, au ni uvimbe. Omba picha. Maumivu ya ghafla ya upande mmoja, yenye kutapika, si ya kulala nayo. Wewe baba, nauli ya kwenda Geita ni ndogo kuliko ya kusafirisha jeneza. Nanyi waheshimiwa madiwani, halmashauri zenu hupokea ushuru unaotokana na dhahabu. Ulizeni katika kikao kijacho ni zahanati na vituo vingapi vya machimboni vilivyo na altrasaundi inayofanya kazi, na mtu aliyefundishwa kuisoma. Jibu lisomwe hadharani.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini maradhi haya hayafichwi na mgonjwa. Yamefichwa na mimba yenyewe, na hayatafichuka mpaka mtu ajitokeze kuyatafuta.